Mashine kuukuu ya msasa: kabla hujalaumu mota angalia rola

Mashine ya msasa ya mkanda ikianza kutema msasa pembeni, dawa inayojulikana kwenye karakana nyingi ni moja tu, kaza nobu, kile kirungu cha kuinamisha rola. Ikigoma kaza tena. Msasa ukichanika wanasema mashine imezeeka, na baada ya muda utaikuta kwenye mizani ya mnunuzi wa chuma chakavu. Kiukweli huwa inaniuma, maana hizi mashine za zamani mwili wake ni chuma cha kasti kizito, haitikisiki, na mara nyingi ugonjwa wenyewe ni rola tu, kitu ambacho fundi wa lethi, ile mashine ya kukereza chuma, anakimaliza wewe umekaa hapo hapo kwenye benchi unamsubiri na kahawa yako mkononi.

Ninayoiongelea leo ni ya karakana yetu huku Keko, Dar, ya Kiingereza, saizi inchi 6 kwa 48, yaani kwenye boksi la msasa tafuta palipoandikwa 150 x 1220. Ina mkanda mrefu ambao unaweza kuulaza au kuusimamisha, na pembeni ina sahani ya kubandika msasa wa duara. Ilitoka kwenye mnada wa vifaa vya chuo kimoja cha ufundi, kibati cha chapa kimeshakwanguka hakisomeki, rangi ya kijani imebaki kwenye kona kona tu. Mota ni ya fezi moja, hosipawa moja na nusu, mizunguko 1420 kwa dakika. Hiyo ndo ilinifanya nisisite, maana ingekuwa mtumba wa Marekani ingekuja na mota ya volti 115 na hezi 60, hapo unatafuta transfoma kwanza, na hata ukiipata bado hezi zetu ni 50 kwa hiyo mota inazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita, yaani ushaanza safari nyingine kabisa.

Magonjwa yake yalikuwa manne. Msasa unakimbilia kulia, rola ya mbele inapiga kelele za kusaga kokoto, mota inaunguruma haianzi mpaka uisukume kwa mkono, na ukisugua ubao mpana unatoka na mgongo katikati. Kila moja nitaisemea ila nitakaa sana kwenye huo msasa kukimbia, ndo swali ninaloulizwa kila siku.

Kwanza tuelewane msasa unajiwekaje katikati. Wengi wanaamini mkanda ukizungushwa juu ya kitu chenye mteremko utateleza uende upande wa chini. Ni kinyume chake, mkanda bapa unapanda. Chukua rola iliyo nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, ivishe mkanda, izungushe, utauona unaenda zake taratibu upande mnene. Sababu ni kwamba kile kipande cha mkanda kilicholalia mteremko kinapinda kidogo, kwa hiyo kipande kinachokuja nyuma yake ambacho bado hakijagusa rola kinakuwa kimeelekezwa juu, kinatua juu kidogo kuliko mwenzake, na kinachofuata juu zaidi, hivyo hivyo mpaka unafika kileleni. Ndo maana rola ya mashine ya msasa haichongwi ikanyooka, inachongwa na tumbo dogo katikati. Unakuwa na miteremko miwili, wa kulia unausukuma msasa katikati na wa kushoto unausukuma katikati, msasa unatulia.

Sasa hilo tumbo ni dogo, kwa macho hulioni. Kwa rola ya kipenyo cha inchi 4 tunazungumzia milimita 0.3 hivi kila upande, yaani ukipima kipenyo katikati kinazidi kile cha pembeni kwa 0.6. Hebu fikiria mashine imepiga kazi miaka na miaka, vumbi linapenya kati ya msasa na rola, na hilo vumbi lina punje za msasa ndani yake, hiyo 0.6 inaisha kimya kimya na hakuna anayejua. Na inaanzia kuisha katikati, kwa sababu mbao nyingi zinasuguliwa katikati ya mkanda. Ya kwetu nilipoiwekea venia, kile kipimo cha kupimia kipenyo, nikakuta katikati ni pembamba kuliko pembeni. Tumbo limegeuka bonde! Rola ikishafika hapo umuite fundi yeyote aje na spana yoyote hatauweza huo msasa, kila upande unauvutia kwake, ukizungusha nobu kidogo unaacha kulia unakimbilia kushoto, katikati hapakaliki.

Kuna jaribio dogo la kufanya kabla hujabeba rola kwenda popote, na vifaa vyake ni tepu nyeusi ya umeme tu. Tepu ya kawaida unene wake ni kama milimita 0.13. Safisha rola kwa tina, ile ya kuzimulia rangi, ikauke, alafu zungushia tepu raundi moja pana, ifunike kama theluthi ya katikati, kisha juu yake raundi nyingine nyembamba katikati kabisa. Kama rola ina bonde ongeza raundi mpaka venia ikuoneshe katikati pamezidi. Mwisho wa tepu uelekee kule msasa unakokimbilia, usije ukaukwangua. Vesha msasa, izungushe kwa mkono kwanza huku unaangalia ukingo, ukiona umetulia ndo uwashe. Siku tulipofanya hivyo kijana aliyekuwa ameshika nobu akabaki ameishika hana cha kuzungusha, msasa umesimama pale pale, akaniuliza bosi umefanyaje? Tepu, dogo.

Ila usiache hivyo. Joto la msasa linalainisha gundi ya tepu, inateleza, inajikusanya upande mmoja na unarudi kule kule. Najua karakana wanazungushia tepu mpya kila baada ya siku chache na wameridhika, sawa, lakini pesa ya tepu ya mwaka mzima ingeshalipa lethi na chenji ikabaki.

Sisi tulipeleka mtaa wa Gerezani, hapa hapa Dar. Pale mafundi wa kukereza wapo wengi na wanajua kazi, ila ukimkabidhi rola tu ukakaa kimya ataichonga inyooke vizuri ing'ae akurudishie, kwake hiyo ndo rola nzuri, na wewe utaenda nayo nyumbani ikufanyie vile vile. Mwambie mambo matatu. La kwanza, aishike kwa tundu la beringi, asiishike kwa ngozi ya nje, maana ngozi ya nje imeshaliwa haina tena senta, akiifuata hiyo rola itazunguka na mtikisiko. La pili, aichonge kwanza mpaka bonde liishe lote, hapo muulize ukuta wa rola umebaki unene gani, ukiwa mwembamba sana bora akutengenezee mpya kwa bomba nene. La tatu ndo tumbo: theluthi ya katikati aiache imenyooka, alafu theluthi za pembeni azichonge zikishuka kuelekea kingo. Kwa rola ya upana wa inchi 6 kila theluthi ni milimita 50 hivi, kushuka 0.3 ndani ya 50 ni kona ya chini ya nusu digrii, kwa hiyo ile slaidi ndogo ya juu ya lethi anaigeuza kidogo mno, inatikiswa tu. Fundi wangu aliniangalia akacheka, akasema mzee hii ni ya kuchorachora, akafanya, alafu ile kona kati ya mteremko na sehemu iliyonyooka akaipiga na msasa wa maji isiwe kali. Hapo umemaliza.

Anayechongwa tumbo ni yule rola wa mbele asiyeendeshwa, ambaye ndo nobu inamwinamisha. Rola ya nyuma inayoendeshwa na mota ya kwetu ina ngozi ya raba na kazi yake ni kushika msasa usiteleze, raba ilikuwa imekauka inang'aa, tukaikwangua juu juu kwa msasa wa P80 ikiwa kwenye lethi hiyo hiyo ikarudi kushika. Raba ikiwa imepasuka au inabanduka hiyo haikwanguliki, inavalishwa upya.

Twende kwenye beringi. Kelele ya kokoto ilikuwa ni beringi za hiyo hiyo rola ya mbele, namba 6203. Kwa asiyejua, namba mbili za mwisho zinakwambia tundu la shafti. Kuanzia 04 kwenda juu zidisha kwa 5, yaani 6204 ni shafti ya milimita 20, 6205 ni 25. Chini ya hapo ni za kukariri tu, 00 ni 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17. Ukiijua hiyo huwezi kudanganywa dukani, hata kama beringi ya zamani imeliwa namba haisomeki unapima shafti, kipenyo cha nje na unene wa beringi, unaomba namba.

Alafu kuna herufi, na hapa kwenye mbao herufi ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. ZZ ina kifuniko cha bati pande zote mbili, 2RS ina kifuniko cha raba. Kifuniko cha bati hakigusi pete ya ndani, kuna kauwazi kembamba, na vumbi la msasa ni laini mno linaingia hapo. Za kwetu zilikuwa ZZ. Nikang'oa kifuniko kimoja kwa ncha ya bisibisi nione, grisi imegeuka kahawia, imeganda kama ugali wa dona uliolala, ukibonyeza kwa kidole unasikia mchanga, na mipira ndani imepoteza ule mng'ao imekuwa na madoa madoa. Hiyo huioshi kwa petroli ukairudisha. Weka 2RS. Na nunua kwa mtu unayemjua, beringi za chapa kubwa zilizochongwa uchochoroni zimejaa, boksi zuri, maandishi mazuri, izungushe kwa kidole uisikilize kabla hujatoa hela.

Kuingiza beringi, nyundo moja kwa moja hapana. Kama beringi inabana kwenye shafti, sukuma pete ya ndani, kama inabana kwenye rola, sukuma pete ya nje. Ukigonga pete isiyobana nguvu yote inapita kwenye mipira, inaacha vishimo, beringi mpya inaanza kelele siku ya kwanza. Tafuta kipande cha bomba kinacholingana na pete, laza shafti kwenye friza usiku ijivute kidogo, asubuhi inaingia bila ugomvi. Mama mwenye nyumba aulizwe kwanza kabla hujaweka chuma kwenye friza lake la samaki.

Mota nitaipitia haraka. Inaunguruma haianzi, ukiisukuma kwa mkono inaenda. Toa mkanda wa puli, isukume kulia inaenda kulia, isukume kushoto inaenda kushoto, basi ujue waya za kuendeshea ni nzima, kilichokufa ni upande wa kuanzishia, ama kapasita ama ile swichi ya ndani inayofunguka mota ikishika kasi. Fundi mmoja alishaiangalia kabla akasema iwaindiwe upya yote, yaani izungushiwe waya mpya ndani. Kuwaindi mota kwa sababu ya kapasita, aisee. Kapasita kabla hujaishika itoe chaji kwa balbu ya zamani ya waya, sio kwa bisibisi, ina umeme hata mashine ikiwa imechomolewa ukutani. Ya kwetu kapasita ilikuwa nzima, swichi ndo ilikuwa imejaa vumbi la mbao, koni zake, yaani vile vichwa vinavyogusana kupitisha umeme, hazigusani. Tukapuliza, tukasugua koni kwa msasa laini wa P400, ikaanza. Ukibadilisha kapasita fuata maikrofaradi zile zile, volti iwe ile ile au zaidi, usishuke.

Mambo ya kasi sasa, na hapa ndo maboresho yalipoanzia. Mtu aliyekuwa nayo kabla alifunga puli za inchi 3 zote mbili, mota na rola zinazunguka sawa, 1420. Rola ya inchi 4 mzunguko wake ni kama sentimita 32, kwa hiyo msasa unatembea mita 7 na nusu kwa sekunde. Ni taratibu, kwa mninga unasukuma mpaka mabega yanauma. Tukaweka puli ya inchi 5 kwenye mota tukaacha ya 3 kwenye rola, sasa rola inapiga kama 2370 na msasa unakimbia mita 12 na nusu kwa sekunde. Tofauti unaisikia kwenye kiganja, ubao hauvutani tena na wewe. Mkanda wa puli ni wa saizi A, ule wa upana wa milimita 13 juu, na puli mbili zilingane, wekea rula ndefu ya chuma kwenye nyuso zake iguse sehemu nne. Ila kasi ina bei yake. Mota inafanya kazi zaidi kwa mgandamizo ule ule, na misasa laini kuanzia P180 inaunguza mbao haraka, utaona alama nyeusi hasa kwenye kichwa cha ubao. Kama kazi zenu nyingi ni za umaliziaji tu, puli ya inchi 4 ingetosha.

Ubao kutoka na mgongo katikati ilikuwa ni lile bamba la chuma linalokaa nyuma ya msasa. Nalo limeliwa katikati. Weka rula ya chuma kwa ukingo juu ya bamba, mulika tochi ya simu kwa nyuma, mwanga utakaopita ndo ugonjwa wako. Wa kwetu ulipita kama mlango umeachwa wazi. Kama bamba limechongwa pamoja na mwili wa mashine itabidi lipelekwe kwenye mashine ya kusawazisha, la kwetu lilikuwa la kufungwa kwa boliti, tukanunua flati ba, yaani chuma bapa, ya unene wa milimita 6, ikasawazishwa, boliti zikazamishwa vichwa visiguse msasa. Mambo mawili hapa. Ule ukingo ambao msasa unaingilia uuzungushe kwa tupa, ukiacha kona kali kila kiungo cha msasa kikipita kitagonga tak tak tak na mwisho kitaachia. Na bamba litokeze mbele ya rola kama milimita moja, ili msasa ubebwe na bamba, sio na rola, vinginevyo ubao utakuwa unabonyea kila unapokaribia rola. Chuma laini hiki kitaliwa tena, sawa, ila kubadilisha ni boliti nne.

Meza nayo tuliisogeza. Uwazi kati ya meza na msasa uwe mdogo kadri inavyowezekana bila kugusa, milimita moja na nusu hivi, uwazi ukiwa mkubwa kipande kidogo cha mbao kinaweza kuvutwa kikaingia na kidole kikakifuata. Skwea juu ya meza, digrii 90, kaza.

Kama una hela ya kuboresha kitu kimoja tu kwenye mashine ya zamani, usinunue rangi, nunua stata. Swichi ya zamani ni ya kuwasha na kuzima kama ya taa. Umeme ukikatika katikati ya kazi watu wanaacha walipofika, wanaenda chai, hakuna anayekumbuka swichi iko juu. Umeme ukirudi mashine inawaka yenyewe, na pengine muda huo kuna kijana ameegemea mkanda anabadilisha msasa. Stata yenye kontakta ukiibonyeza inajishikilia kwa umeme wake yenyewe, umeme ukikatika inaachia, ukirudi haiwaki mpaka mtu abonyeze tena kitufe cha kijani. Na ina ovalodi ndani, unaiseti kwa ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha mota, ya hosipawa moja na nusu fezi moja ni kama 8 hadi 9, msasa ukijibana inakata kabla mota haijaungua. Kitufe chekundu kiweke mahali ambapo hata goti linafika. Waya tumevuta wa milimita 2.5, na ethi imefungwa kwenye mwili wa mashine kwa boliti yake peke yake, rangi imekwanguliwa chini yake, sio ile ya kufunga juu ya rangi alafu unasema ethi ipo.

Vumbi. Hapa huwa nabishana na watu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la 1 tangu 1995, yaani kundi la vitu vinavyojulikana kabisa kuleta saratani kwa binadamu, na inayotajwa sana ni ya ndani ya pua. Na huhitaji kusubiri saratani, mvule peke yake unatosha kukuwasha ngozi na kukubana kifua jioni ile ile. Kitambaa cha kufunga puani kinazuia chenga tu, lile vumbi laini linapita, tafuta barakoa za N95 au FFP2.

Ila barakoa ni ya mwisho, kwanza vuta vumbi linapozaliwa. Kwenye mashine hii vumbi lote linatupwa pale msasa unapopinda kwenye rola ya nyuma, kwa hiyo fundi bati alitukunjia kofia inayoifunika hiyo rola kwa chini na nyuma, uwazi wa milimita chache tu na msasa, na mdomo wa inchi 4. Bomba ni la PVC la maji taka la inchi 4, linaenda kwenye pipa lenye mfuniko, vumbi linaingia pipani kwa ubavu linazunguka linadondoka, hewa inatoka juu katikati kwenda kwa blowa iliyo nje ya ukuta. Haivuti yote, usitarajie, ila zamani ukisugua mninga ukuta wa jirani ulikuwa mwekundu na sasa hivi hapana. Na kitu kimoja usifanye kabisa, kunoa patasi au chuma chochote kwenye mashine hii blowa ikiwa inavuta. Cheche moja inaenda kulala ndani ya pipa la vumbi kavu, mnafunga karakana saa kumi na mbili, moto unaanza saa nne usiku. Vyuma vina mashine yao.

Misasa yenyewe ukishatengeneza yote haya inadumu mpaka unashangaa. Angalia mshale kwa ndani, kama kiungo chake kimepandiana kina upande wa kwenda, ukiuvesha kinyume kitaachia. Kuna mafundi wananunua msasa wa rola wa kitambaa wanaukata na kuunganisha wenyewe, sina ubaya nao, ila kiungo kikatwe kwa mshazari, kikikatwa mraba kinagonga bamba chote kwa mara moja. Ukimaliza kazi legeza springi inayokaza msasa, msasa ukikaa umekazwa usiku kucha kwenye unyevu wa Dar asubuhi unakuwa na kumbukumbu ya rola. Ukijaa utomvu na unga usiutupe, tafuta soli ya kiatu ya krepu, ile ya mpira wa asili ya rangi ya njano, igandamize kwenye msasa ukiwa unazunguka, unga wote unatoka nayo. Soli ya kandambili haifai, inayeyuka inaacha gundi. Mvule una kasoro yake, ndani mara nyingine unakuta jiwe jeupe, ni chokaa ambayo mti wenyewe umeitengeneza, ukilikuta litoe kwa patasi kwanza, halina huruma na msasa.

Kilichobaki ni ile sahani ya pembeni. Ina safu ya gundi za miaka yote, mtu anabandika msasa mpya juu ya gundi ya zamani, ndo maana uso wake una mawimbi. Nitaing'oa kwenye shafti, nipashe moto kidogo kwa hita, nikwangue kwa spachula, nifute kwa tina, alafu iende Gerezani ipitishwe uso kwenye lethi. Skrubu yake ya alenki imeota kutu, kwa sasa nimeilowesha kwa oili ya kulegeza na kila nikipita naigonga kidogo.